Joho na Kamba ya Katani

Kuna mambo ambayo sisi watu wazima hatuyasemi hadharani, na hili ninalotaka kulieleza ni mojawapo. Tunasema "nakwenda msalani" au "natoka mara moja", na wenye haya zaidi husema wanakwenda kupunga upepo. Hakuna anayesema kwamba huko anakokwenda atakuta vita na vifungo. Lakini mimi sasa nina miaka sabini na mitano. Wengi wa wale niliokuwa nikiwaonea haya wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na waliobaki wana tezi dume kama mimi. Basi naona si vibaya nikasema.

Kwa kijana, haja ndogo ni kama barua: anaipokea, anaiweka mfukoni, anaijibu jioni. Kwa mzee haingoji. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Mtu akizeeka nayo hunenepa, mrija ukabanwa, kibofu kikawa hakimaliziki hata ukisimama chooni robo saa. Kisha baada ya muda mfupi kinakuita tena, na safari hii kwa ghafla. "Mzee wangu," akaniambia, "ukiitwa, itika." Dawa alinipa, na zinasaidia, ila nasaha ile ndiyo iliyonifaa zaidi.

Shida ni mavazi. Wazee wa pwani, kwa msuli na kanzu zao, walikuwa na busara ambayo sisi tuliosoma tuliidharau. Msuli hauna zipu wala ndoana. Sisi tukazikimbilia suruali. Mimi mwenyewe ujanani nilikuwa nayo moja ya kubana, ya rangi ya maziwa, ambayo kuivaa ilibidi nijilaze kitandani na kaka yangu aivute. Kutoka nyumbani nayo nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari mosi 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana ni marufuku, wenzangu walilalamika sana. Mimi nililalamika pamoja nao kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fasheni, lakini moyoni nilishukuru. Wengine waliokoa utamaduni, mimi niliokoa kibofu.

Halafu ikaja miaka ya themanini mwanzoni, ya uhaba. Vijana wa leo hawawezi kuamini kwamba ulikuwa ukienda kwa fundi na kitambaa chako, swali lake la kwanza ni, "Zipu umekuja nayo?" Zipu ya namna tunayoitumia ilipewa hataza mwaka 1917 kwa mhandisi Gideon Sundback, Mswidi aliyehamia Marekani, lakini miaka zaidi ya sitini baadaye sisi bado tulikuwa tukiing'oa kwenye suruali iliyochakaa na kuihamishia kwenye mpya, kama mtu anayehamisha mche. Ukikosa, ulitiwa vifungo vitano, na tundu la kifungo kipya ni jembamba kama tundu la sindano. Nakumbuka walimu wenzangu wakitoka ofisini dakika kumi kabla ya haja yenyewe, ili wapate muda wa kufungua.

Wanawake wana yao, nami si wa kuyasemea, ingawa nimekwisha kumwona bibi harusi akisindikizwa na wapambe wanne, mmoja akiwa ameshika ndoo, na nyuso zao zote ni za watu wanaokwenda kuzima moto.

Nirudi kwenye yangu. Mwaka 2022 nilialikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya chuo kimoja cha ualimu. Mkuu wa chuo nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mwanachuo, kwa hiyo sikuweza kukataa, na kusema kweli nilifurahi. Mstaafu akikumbukwa hufurahi. Nilivaa suti ya vipande vitatu niliyoshonewa wakati wa kuagwa mwaka 2010. Tangu hapo nimepungua, suruali ikawa kama gunia, lakini binti yangu alikuwa ameninunulia Kariakoo mkanda wa kisasa usio na matundu. Una meno kwa ndani, ukiuvuta unakaza, na kuufungua kuna kidude cha kubonyeza pembeni. Juu ya hayo yote nikavishwa joho la chuo, jeusi, refu hadi kwenye viatu, lenye mikono mipana kama mabawa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa chai. Ofisini kwa mkuu nilikunywa vikombe viwili, kwa adabu tu. Ratiba ilisema tuanze saa nne; tulianza saa sita kasorobo. Yakafuata maandamano, wimbo wa taifa, sala na dua, kwaya, ngoma, na utambulisho wa wageni, ambao kwetu ni shughuli inayojitegemea. Ngoma ilipokuwa inakwisha nikamwinamia mkuu wa chuo.

"Mwalimu, naomba kutoka nje kidogo."

Akaniinamia kwa heshima zote. "Mzee wangu, imebaki risala tu, kisha ni wewe. Dakika tano."

Hakuwa na ubaya. Hakujua. Nami nikanyamaza, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyekatazwa. Risala ya wanachuo ilianzia kwenye historia ya chuo, ikapitia upungufu wa vitanda, uchakavu wa gari na ukosefu wa uzio. Walipofika kwenye uzio nikainuka bila ruhusa.

Choo cha wafanyakazi kilikuwa kimefungwa na ufunguo alikuwa nao mtunza stoo. Akatafutwa, akapatikana, akaja akikimbia. Nilipoingia nilikuwa na muda mchache sana. Joho nililikusanya, likateremka; nikalikusanya tena na kulishika kwa meno. Vifungo vya kizibao nikavifungua viwili, viwili vingine vikagoma. Zipu ya suruali ilishuka nusu, ikauma pindo la shati, ikakwama hapo, haipandi wala haishuki. Nikaenda kwenye mkanda. Nilikitafuta kile kidude kwa vidole vilivyokuwa vinatetemeka, sikukiona, nikauvuta mkanda, na kila nilipouvuta ukaongeza kubana jino moja.

Ndipo nikamkumbuka. Sikumkumbuka baadaye nikiwa nimetulia. Nilimkumbuka pale pale, joho likiwa mdomoni.

Mwaka 1972 nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya msingi karibu na mashamba ya mkonge, mkoani Tanga. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mkali, kwa sababu niliogopa kwamba nisipokuwa mkali hawatanisikia. Darasa la nne lilikuwa na desturi ya kuomba ruhusa na kuishia chini ya mwembe, basi nikaweka amri kwamba wakati wa hesabu hatoki mtu. Kulikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa kibarua wa mkonge. Jina lake ninalikumbuka, sitaliandika. Kaptura yake ilikuwa ya kaka yake mkubwa, haina kifungo hata kimoja, na ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Msomaji aliyewahi kuifungua katani iliyolowa jasho anajua fundo lake linavyokuwa.

Aliomba kutoka. Nikakataa. Akaomba tena, akasema tumbo linamuuma, nikamwuliza saba mara nane ni ngapi. Akajibu hamsini na sita, sawasawa kabisa, na bado sikumruhusu. Mara ya tatu hakuomba kwa maneno. Alisimama tu, nami nikamwambia nenda. Alikimbia. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja, na madirisha yetu hayakuwa na vioo, kwa hiyo darasa zima tulimwona amesimama mbele ya mlango wa choo, amejikunja, anavuta ile kamba. Alijaribu kuinama aifikie kwa meno. Kisha akaacha kuvuta.

Watoto walicheka. Nami nilicheka. Si kwa sauti, lakini walimwona mwalimu wao anacheka, na hiyo ikawa ruhusa.

Hakurudi darasani siku ile. Aliukata uwanja akaingia katikati ya mistari ya mkonge, na kesho yake hakuja, wala mwezi uliofuata. Mwaka uliofuata nilimwona barabarani pamoja na baba yake, wanafunga mafungu ya majani ya mkonge. Akaniambia "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia marahaba, nikapita.

Kisa hiki nilikifundisha kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilipokuwa mkufunzi, na hata baada ya kuwa mkuu wa chuo, kila mwaka kabla wanachuo hawajakwenda kwenye mafunzo ya kufundisha kwa vitendo niliwasimulia, na nilikisimulia vizuri. Walikuwa wakinyamaza kimya. Ila nilisema ni mwalimu mmoja ninayemfahamu. Na mwishoni nilisema kwamba mwalimu yule alikwenda nyumbani kwa mtoto, akaomba radhi kwa wazazi, na mtoto akarudi shule. Nadhani mara ya kwanza nililiongeza hilo ili wasikate tamaa. Mara ya kumi nilikuwa karibu kuliamini.

Chooni kule sikufanikiwa. Nisizunguke maneno: nililoa hadi kwenye soksi. Nilisimama pale dakika moja, nikasikia makofi ya kumaliza risala. Nikaliachia joho, likateremka hadi kwenye viatu, na hakuna kilichoonekana. Joho lile lile lililonizuia ndilo lililonisitiri. Nilirudi, nikapanda jukwaani, nikatoa vyeti kwa wahitimu zaidi ya mia mbili, nikiwapa mikono mmoja mmoja, na mkuu wa chuo akaniambia nimesimama kama kijana. Hotuba yangu ilikuwa na kurasa sita juu ya nidhamu ya mwanafunzi. Nilisoma mbili. Chakula nilikikwepa kwa kusema nina safari, na kwenye gari niliomba gazeti, nikasema kiti kina vumbi.

Nyumbani nilimweleza mama watoto. Hakucheka, ingawa ningemsamehe. Mkanda aliufungua yeye, kwa kidole kimoja. Siku ya pili alikata viuno vya suruali zangu zote na kutia mpira, naye mjukuu akachukua mkanda. Suti imebaki kabatini.

Lakini jioni ile ile, akiwa anasuuza suruali kwenye beseni, aliniuliza jambo. Yeye pia alikuwa mwalimu, na kile kisa cha mtoto wa katani alikuwa amekisikia mara nyingi, kama nilivyokuwa nikikisimulia.

"Baba," akasema, "yule mtoto ni wewe ulimfundisha?"

Nikasema ndiyo.

Akaendelea kusuuza. Kisha akauliza, "Na kweli alirudi shule?"

Nikamwambia hakurudi.