Bamba Lililoungua

Mwalimu wangu wa zamani amenitaka niwaandikie habari za masomo yangu ya udaktari huku Uingereza. Mama yangu amekwisha watangazia majirani kwamba nitatibu watu; basi niseme mapema kuwa udaktari huu si wa dawa, wala sijui kutibu hata mafua.

Kazi yangu yahusu utomvu uitwao epoksi. Huchanganywa na dawa ya kuugandisha, ukasukumwa ndani ya kalibu yenye vitambaa vya nyuzi za kioo, kisha ukawa mgumu. Ndivyo yafanywavyo mapanga marefu ya mitambo ya upepo itoayo umeme. Ukiganda kabla haujafika pembe zote, kazi yote ni ya kutupwa. Tena joto huufanya mwepesi upite upesi, lakini joto lilo hilo huuhimiza kuganda, na kuganda kwenyewe huzaa joto jingine. Aliyepata kusonga ugali ajua nusu ya habari hii tu, maana unga haujiwashii moto.

Mimi huhesabu mambo hayo kwa kompyuta, tujue mwisho kabla ya kumimina. Kanuni ya mwendo ni ya Henry Darcy, mhandisi Mfaransa, aliyoitoa mwaka 1856 baada ya kuchunguza maji yapitayo katika mchanga. Kalibu huigawa vipande vidogo maelfu, kila kimoja kikahesabiwa hatua kwa hatua.

Kwa mabamba membamba hesabu zangu zilipatana na majaribio, nami nikavimba kichwa. Nikaandika sura mbili juu ya mabamba manene, nikampelekea profesa. Ndipo tukatengeneza bamba la sentimita 5. Kompyuta ilisema salama. Tulipolikata, katikati palikuwa pameungua rangi ya kahawia na kupasuka.

Kosa lilikuwa langu. Nalikuwa nimechukua joto kuwa moja toka juu hata chini. Bamba jembamba hupoa upesi, kwa hiyo kosa halikuonekana. Nene hulifungia joto katikati.

Nakiri kwamba nalijaribu kubadili tarakimu moja tu, na majibu yakapatana na bamba lile barabara. Nalikaa nayo siku mbili. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu hapo shuleni, alivyokuwa akimnyima alama mtu aliyeleta jibu sahihi lisilo na njia. Siku ya tatu nikamwendea profesa, nikamweleza yote. Hakunikemea. Alichukua kalamu akazipiga mstari sura zote mbili.

Ufadhili wangu ulikuwa umebakiza miezi 14. Sasa nahesabu na joto la katikati, na bamba moja lililokuwa likichukua saa 3 huchukua siku 2. Mama hupiga simu kila Jumapili kuuliza, “Mwanangu, hujamaliza tu?” Namjibu bado. Kipande cha bamba lile kipo mezani pangu. Hukitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.