Kusi Hupeleka, Kaskazi Hurudisha

Watu wengi wakaao bara, na hata baadhi yetu tufanyao kazi ofisini hapa pwani, hudhani kwamba safari ya tanga ni kupandisha tanga tu na kumwachia Mungu yaliyobaki. Sivyo. Safari ya chombo kidogo yafanana sana na kilimo. Mkulima hapandi mahindi siku aliyopata nafasi, bali siku mvua ilipokaribia. Kadhalika baharia hang'oi nanga siku aliyopewa likizo, bali siku upepo na maji vilipokubaliana. Mimi ni karani wa serikali katika mji wa Kilifi, na mwaka huu jamaa zangu na mimi tunapanga kwenda visiwa vya Lamu kwa mashua aliyotuachia marehemu baba. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyoipanga safari hiyo, na kwa nini ilitubidi kuigawa mara mbili.

Haja yenyewe ni hii. Mama yangu ni mzaliwa wa Faza, katika kisiwa cha Pate, naye aliletwa huku kuolewa kwa jahazi. Dada yake mkubwa angali anakaa huko, na tangu mwaka jana anaugua. Mwezi wa Mei mama alisema, "Mwanangu, nataka kumwona dada yangu kabla mmoja wetu hajatangulia, nami nataka kwenda kwa tanga, kama nilivyokuja." Likizo yangu iliangukia mwezi wa Juni. Mashua ilikuwapo, na mjomba wangu, aliyekuwa nahodha miaka mingi, alikuwapo pia. Kwa hesabu ya ofisini mambo yote yalikuwa tayari.

Lakini mjomba alikataa, ingawa mgonjwa huyo ni dada yake yeye vilevile. Alisema, "Juni kusi imekomaa. Kwenda tutakwenda, tena upesi. Je, tutarudije?"

Katika swali hilo mna elimu yote ya bahari yetu. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba au Oktoba, nayo hupata nguvu nyingi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Machi. Katikati yake huwa na maleleji, upepo usio na makao. Tena uko mkondo wa bahari unaopita pwani yetu kwenda upande wa kaskazini, na wakati wa kusi huenda kwa kasi sana. Basi aendaye Lamu mwezi wa Juni husukumwa na upepo na kuchukuliwa na mkondo. Lakini akitaka kurudi, vyote viwili humkabili usoni. Mashua yetu ya tanga moja haiwezi kuuelekea upepo; lazima ibishe, yaani iende upande huu kisha upande ule, na maili 60 huwa zaidi ya 100. Na bahari ya Juni si bahari ya kubishia ukiwa na mama mzee chomboni.

Wala si vyombo vidogo tu vinavyotii sheria hii. Wasomaji watakumbuka kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapata rubani, akavuka hata Calicut, katika Bara Hindi, kwa muda usiotimia mwezi mmoja, maana kusi ilikuwa nyuma yake. Wakati wa kurudi hakungoja majira. Aling'oa nanga mwezi wa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akakaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa ugonjwa wa kukosa vyakula vibichi. Alipofika Malindi Januari 1499 watu waliosalia hawakutosha merikebu zake zote, na moja ikachomwa moto. Bahari ilikuwa ile ile, na nahodha yule yule. Tofauti ilikuwa majira.

Basi tulikaa barazani kwetu jioni tatu tukitafuta shauri. Kumngojesha mama hata Oktoba kulikuwa na hatari ya namna nyingine, maana mgonjwa hangoji upepo. Mwisho tukakubaliana hivi: mama aende kwa gari mwezi ule ule wa Juni, apitie Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha avuke kwa boti. Sisi tutaipeleka mashua wakati wa demani, kusi inapopoa, tuiache Lamu mikononi mwa jamaa, nami nirudi kazini kwa basi. Kaskazi ikishika, mwezi wa Desemba, nitakwenda tena siku za sikukuu, na mama atarudi nyumbani kwa tanga, upepo ukiwa nyuma. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya. Kusi hunipeleka kwa magurudumu, kaskazi itanirudisha kwa tanga." Alikwenda, akamkuta dada yake yu hai, na mpaka leo wako pamoja.

Sasa nitaeleza njia yenyewe. Kutoka Kilifi hata Malindi ni maili za bahari kama 30, na maili moja ya bahari ni zaidi kidogo ya kilomita 1.8. Hiyo ni kazi ya siku moja. Siku ya pili tutapita mbele ya mto Sabaki, ambapo maji ya bahari huwa mekundu kwa udongo wa bara, na kulala Ngomeni. Ras ya Ngomeni yajulikana kwa mbali kwa mitambo ya chuma iliyosimama baharini, ambako Waitaliano walirusha setilaiti tangu mwaka 1967.

Siku ya tatu ndiyo kubwa. Toka Ngomeni ni lazima kuivuka Ghuba ya Ungwana, maili kama 60 hata Lamu. Nchi ya huko ni ya chini, maji ya mto Tana huichafua bahari mbele ya Kipini, na karibu na visiwa vidogo vya Tenewi mna miamba. Mashua yetu huenda maili tano kwa saa. Mkondo ukituongezea moja, tutahitaji saa kumi. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili tu, na mjomba hataki kuingia mlango wa Shela gizani.

Hapa ndipo hesabu ya mwezi inapoingia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hupwa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa tena saa kumi jioni. Basi tukiondoka saa kumi alfajiri tutakuwa na maji mengi ya kutoka Ngomeni na mbalamwezi ya kuona njia. Na tukifika Shela saa nane au saa tisa mchana, maji yatakuwa yakijaa na kutuingiza ndani. Siku za maji mafu mambo haya hayalingani. Kwa hiyo tumechagua siku zinazozunguka mwezi mpevu, tena kwa sharti kwamba Idara ya Hali ya Hewa haikutangaza upepo mkali. Ikitangaza, tutangoja Malindi, hata likizo ikiisha.

Mashua sasa iko juu ya magogo. Fundi anaitia kalafati, na chini itapakwa deheni. Tumeandika vyombo vyote katika daftari: nanga mbili, kamba mpya ya demani, dira, tochi, vyombo viwili vya kufulia maji, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Maji ya kunywa tumehesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, kisha tukazidisha mara mbili, maana bahari yaweza kumzuia mtu siku tatu kwa safari ya siku moja.

Wazee walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Kila chombo kina uzito wake, na kila safari ina abiria wake. Kijana atakaye kusafiri kwa tanga na aanze kwa kuuliza atarudije, ndipo aulize ataondoka lini. Akiwa na mzee wa bahari karibu naye, amsikilize sasa, maana elimu hii kwa sehemu kubwa haikuandikwa, na wanaoijua wanapungua.