Mayai ya Kogo

Mwaka juzi mteja mmoja wa Marekani, ambaye sijawahi kuiona sura yake, alinilipa nimwandikie makala ya maneno elfu moja kuhusu kuangua mayai ya bata kwa mashine. Wakati huo sikuwa nimewahi hata kushika yai la bata. Nilisoma usiku kucha, kisha nikaandika kama mtu aliyezeekea bandani: joto nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hadi 60, siku 28. Mteja alifurahi. Mimi nikabaki na hesabu hizo kichwani.

Ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na tangu hapo naandikia watu wa mbali usiku, nikiwa chumba cha nyuma nyumbani kwetu Langas, hapa Eldoret. Mama nilimwambia nimeahirisha muhula mmoja. Ukawa miwili, ukawa minne. Yeye hakuuliza, mimi sikusema.

Novemba iliyofuata tulienda Ziwa kwa kogo kuvuna mahindi. Kogo ana bata wake wanaozurura nyuma ya ghala, wale wazito wenye nyama nyekundu usoni, wasio na kelele. Nikamwomba mayai. Akanipa 18, kwenye ndoo yenye maranda, huku anacheka.

"Utayalalia wewe?"

"Nina mashine, kogo."

Mashine yenyewe lilikuwa kabati la zamani la vyombo. Fundi wa mbao aliliziba nyufa, nikaweka balbu ya wati 60, themostati, feni niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, kipima unyevu, na bakuli la maji chini. Mayai niliyaacha yatulie siku nzima baada ya kurushwarushwa kwenye matatu. Kila yai nililichora kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili, ili nijue nimeligeuza. Nilikuwa nikiyageuza mara tano kwa siku. Kwa mtu anayefanya kazi usiku, hiyo haikuwa shida.

Joto lilikuwa rahisi. Themostati inafanya kazi yake. Kilichonisumbua ni unyevu. Yai hupumua kupitia vitundu vidogo kwenye ganda, na siku zinavyokwenda hupoteza maji. Linatakiwa lipoteze, lakini kwa kiasi: kama asilimia 13 ya uzito wake kufikia mwisho. Yai la gramu 80 lipungue gramu 10 hivi. Likipoteza kidogo, mfuko wa hewa unabaki mdogo na kifaranga anazama kwenye majimaji akianza kutoboa. Likipoteza sana, utando wa ndani unakauka na kumbana, anakufa akiwa ametoboa tayari. Na huku kwetu, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji hutoka kwenye yai haraka kuliko kule Mombasa. Ongeza upepo mkavu wa Desemba. Kipima unyevu kilikuwa kikishuka hadi 40 mchana. Nilijaza bakuli pomoni, wapi! Mpaka nilipogundua kwamba si kina cha maji kinacholeta unyevu, ni upana wake. Nikaweka sinia. Ikapanda hadi 58 na kutulia.

Siku ya saba niliyamulika kwa tochi ya simu. Manne yalikuwa matupu. Kwenye 14 yaliyobaki niliona mishipa, kama mizizi myembamba, na katikati kitu cheusi kinachorukaruka. Nilikaa nikikitazama mpaka yai likaanza kupoa mkononi. Kuanzia siku ya kumi nikawa nayafungulia dakika kumi kila jioni na kuyanyunyizia maji vuguvugu, kwa sababu bata mama naye huinuka akaenda kula na kuoga, kisha anarudi na manyoya mabichi.

Usiku wa siku ya 18, saa nane, stima ilipotea. Nilichemsha maji kwa gesi, nikajaza vibuyu vya plastiki, nikavifunga kwa leso na kuvipanga kati ya mayai. Juu ya kabati nikatupa blanketi, nikiacha matundu ya hewa wazi. Mama aliamka. Hakuuliza kitu. Aliweka sufuria nyingine motoni, tukawa tunapokezana maji hadi karibu alfajiri stima iliporudi. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi 33. Baridi ya saa chache humchelewesha kifaranga. Joto likizidi ndilo humuua upesi. Nilimweleza mama hivyo. Akasema, "Sawa," akarudi kulala.

Siku ya 25 nilifanya nilivyokuwa nimeandika kwenye ile makala. Niliacha kuyageuza, nikaongeza sinia la pili, unyevu ukafika 75, nikafunga mlango.

Siku ya 28 hakuna kitu. Siku ya 29, kimya. Wiki hiyohiyo wenzangu wa chuo walikuwa wanafuzu, na kila nikifungua simu ni joho, ni kofia, ni wazazi na mataji ya maua shingoni. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ndoo nikitazama kabati.

Siku ya 30 niliamua yamekufa. Nilichukua moja nikalipasua kwenye sahani.

Lilikuwa hai. Mguu ulijivuta. Manyoya yalikuwa yameshaota, macho yamefumba, na kiini cha yai kilikuwa bado nje ya tumbo lake, hakijaingia. Alihema mkononi mwangu dakika chache, kisha akaacha. Nilipoinua macho mama alikuwa mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Siku zimepita, mama. Ni siku 28."

"Nani alikuambia?"

Sikuwa na jibu. Ni mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika.

"Hao bata wa kogo wako hulalia mwezi na wiki. Tangu nikiwa msichana. Si ungeuliza?"

Baadaye nilisoma vizuri. Bata wengi wa kufugwa asili yao ni moja, na hao ndio wa siku 28. Wale wenye nyama usoni ni jamii nyingine kabisa, asili yao Amerika ya Kusini, na mayai yao huchukua siku 35. Makala yangu haikuwataja popote.

Niliondoa sinia la pili, nikaanza kuyageuza tena. Jioni hiyo, tukiwa tunapukuchua mahindi, nilisema bila kujipanga.

"Mama, chuo sirudi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuniomba nauli."

Tuliendelea kupukuchua. Nilitaka kujua mbona hakusema kitu muda wote huo, lakini sikuuliza, kwa sababu nami nilikuwa na la kuulizwa.

Siku ya 34 nilisikia sauti kabla sijaona ufa. Safari hii sikufungua. Kutoka tobo la kwanza hadi kifaranga kutoka ilichukua zaidi ya siku nzima, na mara mbili mama alinikuta nimeshika mlango wa kabati, akaniita nje nikamkatie kuni. Kufikia siku ya 36 walikuwa tisa, wa manjano na weusi. Wanne hawakutoka. Nilipoyafungua mayai yao nilikuta mifuko ya hewa midogo na majimaji mengi. Zile siku tano za unyevu wa 75 kabla ya wakati ndizo zilizowazamisha.

Nilimwandikia yule mteja nikaomba nirekebishe makala, bure. Hakunijibu. Bado iko huko, inasema siku 28.

Kogo tulimpigia simu kumpa habari. Aliuliza yalikuwa mangapi yenye uhai, nikamwambia 14. Akanyamaza akihesabu.

"Bata wangu hana stima," akasema, "na angewatoa wote."