Vipete vya Ukambani na deraya za samurai

Wiki hii sina habari za simu mpya wala za programu huria. Nataka tuzungumze juu ya waya, uzi na vipande vidogo vidogo vya chuma. Vumilieni, mwisho mtaona kwamba hatujatoka nje ya mambo yetu ya kawaida.

Chanzo ni shangazi yangu. Ana mkufu wa shaba alioachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Vipete vyake ni vyembamba kiasi kwamba ukiushika gizani utadhani ni kamba ya nguo. Mwaka huu ulikatika mahali pawili, na binti yake ana ntheo mwezi wa Desemba. Kwa wasio Wakamba, ntheo ni ile sherehe ya mbuzi ambayo bila hiyo wazee hawakubali kwamba umeoa. Shangazi anataka binti avae mkufu huo siku hiyo.

Sonara mmoja mjini aliutazama akasema ataulehemu kwa dakika kumi, ila pale atakapolehemu hapatakunjika tena. Kisha akatokea mnunuzi wa vitu vya kale na bei ambayo ingelipa karo ya muhula mzima. Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si unatengeneza kompyuta? Mkufu utakushinda?"

Basi nikaanza kusoma. Wakamba wa zamani walikuwa wahunzi hodari. Chuma chao walikipata kwenye mchanga mweusi wa mitoni, wakauyeyusha kwa moto wa makaa na mivuo. Shaba ilikuja na misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ukambani, akina Kivoi wa Kitui, walipeleka pembe za ndovu Mombasa, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani kwenda bara ni nguo, shanga na zile waya nene zilizoitwa masango. Msweden Gerhard Lindblom aliishi Ukambani mwaka wa 1911 na 1912, na kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kina habari za kazi hizi za mikono.

Nilipokuwa natafuta picha za mikufu kwenye intaneti ndipo nikaangukia deraya za samurai wa Japani. Usiku huo sikulala.

Sisi tumezoea samurai wa filamu, mtu na upanga wake. Samurai wa mwanzo alikuwa kwanza mpiga upinde juu ya farasi. Mkamba, ambaye sifa yake vitani ilikuwa upinde na mshale wa sumu, angemwelewa haraka. Deraya yake haikuwa bati moja zito. Ilikuwa maelfu ya vipande vidogo vya chuma au ngozi ngumu, kila kimoja kimetobolewa matundu. Vipande vilipakwa utomvu wa mti uitwao urushi, tabaka juu ya tabaka, ili unyevu usivile. Kisha viliunganishwa safu kwa safu kwa kamba za hariri au ngozi. Kila safu ilicheza juu ya mwenzake, hivyo mtu aliweza kugeuka na kuvuta upinde.

Wanaotunga programu tayari wameshaona ninakoelekea. Kipande kimoja peke yake hakina maana. Nguvu iko kwenye namna kinavyoshikana na jirani yake, na kikiharibika unafungua kamba na kukibadilisha bila kuivunja deraya nzima.

Lakini viungo vina gharama. Hariri ikilowa mvua inakuwa nzito, inashika matope, wadudu wanaingia. Vita vilipokuwa virefu, na hasa baada ya bunduki za Wareno kufika kisiwa cha Tanegashima mwaka wa 1543, mafundi walianza kutumia mabati makubwa zaidi na kamba chache. Baadhi ya deraya zilipigwa risasi makusudi kabla ya kuuzwa, na lile bonde la risasi likaachwa hapo ili mnunuzi ajionee. Hilo ni jaribio la ubora ambalo hata sisi tungeliheshimu.

Kazi hiyo ilithaminiwa sana. Mwaka wa 1613 Tokugawa Hidetada alimpelekea mfalme James wa Uingereza deraya mbili kupitia kwa nahodha John Saris, na zimehifadhiwa Uingereza hadi leo. Mwaka wa 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu wa kawaida kubeba panga hadharani, na enzi ya samurai ikaisha. Hata hivyo makumbusho na mafundi wa ukarabati waliendelea kufungua deraya za kale, kuzisoma na kuzifunga upya. Kwetu, mikufu ya dukani ilipokuja, fundi alipozeeka mara nyingi hakuna kijana aliyekaa kando yake.

Ndiyo maana nikaamua kuusoma mkufu wa shangazi kama ninavyosoma programu ya mtu aliyeondoka kazini bila kuacha maelezo. Niliupiga picha kwa lenzi ya kukuza. Kila kipete kimepita ndani ya jirani zake, na ncha zake zimekutanishwa tu, hazikulehemiwa. Kumbe mkufu ulitengenezwa ili ufunguke! Nilitoa waya wa shaba kwenye kebo ya umeme, nikauzungusha kwenye sindano nene hadi ukawa springi, nikaikata kwa urefu, na kila mzunguko ukawa kipete. Kwa vibano viwili nilifunga vipete kumi na tisa kwa jioni tatu. Shingo iliniuma wiki nzima. Vipete vyangu ni vyekundu kuliko vya zamani, unaviona ukitazama kwa makini.

Shangazi aliupitisha mkufu vidoleni, akafika kwenye vipete vyangu, akasimama. Akauliza, "Na hivi, nani atavitengeneza vikikatika?" Nikamwambia binti atakuja Jumamosi nimwonyeshe. Mnunuzi ameambiwa asirudi, na karo tutachangishana.

Picha na vipimo nimeviweka wazi kwa yeyote anayetaka kuvitumia. Kama nyumbani kwenu kuna mkufu, upinde au kibweta cha ugoro cha wazee, kitazame kwa lenzi kabla ya kukipeleka kwa sonara, na kama bado yuko mzee anayejua kilivyotengenezwa, mwulize wiki hii. Tuonane tena.