Chala kabla ya lami

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, kijana wa chuo aliyezaliwa na kukulia Pasua, Moshi, alinionyesha picha kwenye simu: maji ya buluu chini ya ukuta wa miamba. "Shangazi, hapa si Kenya?" Nikamwambia hilo ni Ziwa Chala, mpaka umelikata katikati, upande mmoja wetu na upande mwingine wa wenzetu, na ukitoka Pasua alfajiri jioni umesharudi. Hakuamini. Hoteli za Nungwi anazitaja kwa majina, lakini ziwa lililo kama kilomita 50 kutoka kitandani kwake amelijulia kwenye picha ya mtu wa Nairobi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sisi tulilijua Chala kwa sababu ya mwenye duka.

Duka lake lilikuwa kwenye njia ya kuelekea mto Njoro, nyumba ya matofali ya udongo yaliyopakwa chokaa. Kabla hujaliona ulilinusa: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na perege wakavu wa Nyumba ya Mungu waliolala kwenye tenga mlangoni. Harufu hizo tatu zilikaa pamoja hata kwenye sukari. Sukari aliifunga kwa karatasi ya gazeti. Aliisokota ikawa kama pembe, akamimina, akakunja mdomo mara mbili na kuchomeka ncha kwa kidole gumba. Nimebeba pembe hizo nikikimbia hadi nyumbani na sikumbuki hata moja iliyomwagika. Wino hakuuamini. Madeni aliyaandika kwa penseli aliyoichomeka sikioni, akiilamba ncha kabla ya kila tarakimu, na mtu akilipa hakufuta, alipiga mstari mmoja ulionyooka, deni lisomeke hata baada ya kwisha. Mama alisema huo ndio ustaarabu. Sisi watoto tulimwamkia, "Shikamoo Mzee wa Taveta," maana ndiko alikozaliwa. Alikuja Moshi kijana, kwa treni iliyokuwa ikipita Taveta. Kiswahili chake hungekitofautisha na chetu, ila akihesabu pesa alihesabu kwa Kitaveta, polepole, midomo ikicheza.

Kisha mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mama yake na dada yake walikuwa kule Taveta, upande wa Kenya.

Nasema safari yetu ya Chala ilikuwa 1978. Dada yangu anashikilia ni 1979, eti alikuwa keshaanza sekondari. Nimetazama picha, nimeuliza wakubwa, na sasa nimeuacha mwaka ujiendee. Ninachojua ni kwamba ilikuwa Jumamosi, maana Jumapili gari la mtu binafsi lilitakiwa liwe limeegeshwa ifikapo saa nane mchana. Baba mdogo alikuwa na Land Rover, na petroli aliipata kwa njia ambazo mbele ya watoto hazikuzungumzwa. Mzee wa Taveta alikaa mbele na kifurushi cha kahawa na mchele mapajani. Himo tulinunua ndizi mbivu. Kabla ya Holili, mpakani, tukakata kushoto, tukaingia vumbini, vichaka vikavu na mibuyu, na ziwa hakuna. Mpaka unafika ukingoni huoni dalili ya maji. Unapanda kilima kama kilima kingine chochote, halafu ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na maji yako chini huko.

Chala ni kreta ya volkano, mtoto wa Kilimanjaro. Eneo lake ni kilomita za mraba 4 na ushee, kina chake kinapita mita 90, na hakuna mto wa maana unaoingia wala unaotoka. Mvua inayonyesha mlimani huzama, hupita chini ya ardhi, ikaibukia humo. Siku ile maji yalikuwa ya kijani; nimewahi kuyakuta ya buluu nzito, kwa kuwa hubadilika rangi kadiri mwaka unavyokwenda.

Tulishuka kwa kushika mizizi. Baba mdogo alituonya mamba, tukakaa mbali na maji. Mzee akasimama juu ya mwamba, akangoja. Jua lilikuwa limepanda sana mtumbwi ulipotokea, mvuvi wa upande wa pili anapiga kasia, na mwanamke ameketi kati, kanga kichwani, debe dogo la Kimbo miguuni. Hicho ndicho kivuko nilichokijua utotoni. Hapakuwa na geti wala muhuri. Dada mtu akashuka, akashikana mikono na kaka yake, wakasalimiana kwa Kitaveta muda mrefu, na katikati ya salamu nikamwona mzee anaketi chini. Mama yao alikuwa ameshazikwa. Kilometa chache tu ukipitia Holili, na hakuitwa mazikoni kwa sababu hapakuwa na wa kuja kumwita. Alichana karatasi ya kifurushi, akatoa penseli sikioni, akailamba, akamuuliza dada yake tarehe, akaiandika. Kahawa akampa. Kimbo tukarudi nayo chini ya mikungu ya ndizi.

Mpaka ulifunguliwa 1983, naye akarudi kwao kwa basi mchana kweupe. Duka likapita kwa mpangaji mmoja hadi mwingine. Leo pale pana fremu nne, simu na vipodozi, na mfereji ulio nyuma yake umejaa chupa za plastiki. Vifodi vilikuja, Noah zikaja, bodaboda zikafuata. Mwaka 2016 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, unagongewa mihuri yote mahali pamoja, na namshukuru aliyefikiria jambo hilo. Mwaka huohuo watafiti walichimba tope la sakafuni mwa Chala, wakapata kumbukumbu ya mvua na ukame wa miaka kama 250,000. Wageni hukodi mitumbwi ya plastiki wakapiga kasia.

Katika maji hayo yumo perege ambaye asili yake ni Chala peke yake. Sasa wanamhesabu kati ya samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka, na perege wa kigeni walioletwa humo wanamsonga. Nimewauliza watoto wa shule mtaani kwetu kama wamewahi kumsikia. Twiga wanamjua, tembo wanamjua, kwa sababu wamechorwa vitabuni. Basi moja la shule lingetosha: saa kumi na mbili asubuhi kutoka Pasua, chai Himo, wakasimama ukingoni kabla jua halijawa kali, mwalimu akawaonyesha kwa kidole Taveta ilipo. Kwa nini hatuwapeleki?