Fidla ya mwanangu

Unguja, Jumamosi, 20 Aprili 2024

Sikukuu imepita, ada za shule nimelipa, sasa ni zamu ya fidla. Kwa maalim wake wa fidla tumekuta mbili, bei zake zinakaribiana. Mwanangu aliishika ile nyekundu inayong'aa akawa hataki kuiachia. Maalim hakumkataza. Alichofanya ni kuteremsha nyuzi za juu, zikawa sol, re, sol, re, kwa mtindo wa Kiarabu, kwa kuwa kijana atapiga taarab. Nyuzi zikilegezwa hivyo, fidla dhaifu huishiwa nguvu. Ile nyekundu ikafifia palepale. Nyingine, kuukuu, rangi imechujuka penye kidevu, ikabaki na sauti nene.

Kisha maalim akapiga zote mbili, sisi tukaenda kusimama mwisho wa ukumbi. Sikioni mwa mpigaji fidla hukwaruza, na mkwaruzo huo watu huudhania nguvu. Kule mwisho tuliisikia ile kuukuu tu.

Jumanne, 23 Aprili

Leo upinde. Wazazi wengi humaliza fedha kwenye fidla, wakachukua upinde wowote uliomo mkobani. Siafikiani nao: mkono wa kulia ndio unaotoa pumzi.

Upinde wa kawaida una uzito wa gramu 60 hivi, lakini mkono unahisi hata tofauti ya gramu mbili tatu. Maalim aliuelekeza ule wa bei rahisi jichoni, kama fundi anayekagua ubao: umepinda ubavuni. Mwanangu alipouvuta polepole, ulitetemeka ulipofika katikati. Taarab inataka mvuto mmoja mrefu unaobeba sauti nyingi, kwa hiyo kasoro hiyo haivumiliki.

Wa mti wa pernambuco ulikuwa mtamu mno, bei yake siiwezi. Mti huo ni wa Brazil, na tangu 2007 biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Wa kaboni ukanituliza moyo: masika haya unyevu hulegeza manyoya ya farasi ya upinde kila jioni, lakini fimbo ya kaboni haipindi.

Alhamisi, 25 Aprili

Kaboni zilikuwa mbili. Nyepesi iliimba vizuri kwenye ile nyekundu, kwenye kuukuu ikateleza bila kushika uzi. Nzito kidogo ndiyo iliyoafikiana nayo. Nimelipia fidla kuukuu na upinde huo. Maalim anabaki nayo hadi Jumatatu: ubavuni gundi imeachia kidogo kwa unyevu, na daraja linataka kupunguzwa.