Kiti cha Kukimbilia na Kiti cha Namba



Siku moja ukifika Dallas, katika jimbo la Texas kule Marekani, wandugu wako watakuambia: "Utashukia Love Field." Usidanganyike na jina. Love kwa Kiingereza ni upendo, na wageni wengi wanafikiri uwanja ule wa ndege uliitwa hivyo juu ya upendo. Apana. Lilikuwa jina la luteni mmoja wa jeshi, Moss Lee Love, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1913. Jeshi lilipofungua uwanja mwaka wa 1917, likauita kwa jina lake. Ni pale ndege ya Rais Kennedy ilitua tarehe 22 Novemba 1963, na ni pale pale, siku ile ile, Johnson alikula kiapo cha urais ndani ya ndege, ikiwa bado chini.

Lakini leo sitakusimulia mambo ya marais. Nataka tuongee mambo ya kiti. Utasema: kiti tu? Ndiyo, kiti tu. Ngoja kidogo.

Tarehe 18 Juni 1971 kampuni moja ndogo, Southwest Airlines, ilianza kupeleka watu toka Love Field mpaka Houston na San Antonio. Ilikuwa na ndege tatu, kisha ikapata ya nne. Tiketi ilikuwa dola 20, bei ambayo makampuni makubwa hayakuipenda hata kidogo. Mwaka wa 1972 feza zikakosekana, ikalazimika kuuza ndege moja. Sasa, kazi ya ndege nne itafanywa namna gani na ndege tatu? Wakubwa wa kampuni wakaona njia moja tu: ndege isikae chini. Ikishatua, watu watoke, wengine waingie, mizigo ishushwe na kupandishwa, na iondoke tena kisha dakika 10. Weye unayejua namna camion ya shaba inalipwa kwa safari na si kwa kusimama, unaelewa hesabu hiyo bila mwalimu.

Kwa dakika 10 hakuna nafasi ya kumtafutia kila mtu kiti chake. Kwa hiyo hakukuwa na namba ya kiti. Ulifika mlangoni, ukapewa kadi ya plastiki yenye namba ya kuingia, ukairudisha ukiingia ili itumike tena kwa mwingine, na ndani uliketi fasi uliyoikuta wazi. Kuketi bila namba ya kiti kukaendelea zaidi ya miaka 50.

Nakuambia, ilikuwa ajabu kuona. Wamarekani, watu wa vyombo na mashine, wanapanda ndege namna yetu sisi tunavyopanda taksi-basi! Tofauti ni kwamba wao hawakusukumana. Tangu mwezi wa Novemba 2007 walisimamisha vyuma kama nguzo ndogo karibu na mlango, vyenye namba. Kila mtu alikuwa na herufi na namba kwenye tiketi yake: A 1 mpaka 60, kisha B 1 mpaka 60, kisha C. Mtu wa A 23 alisimama fasi ya A 23, akimwuliza jirani kwa adabu: "Weye ni namba ngapi?" Ilinikumbusha mabidoni yetu kwenye robine ya maji, yamepangwa mulongo tangu alfajiri, kila bidoni na mwenyewe, hata kama mwenyewe amekwenda kutafuta kuni.

Wenye watoto wa miaka 6 na chini waliingia kisha kundi A, mbele ya kundi B. Wagonjwa na wenye viti vya magurudumu waliingia mbele ya wote. Na hapa Wamarekani wenyewe walikuwa na mchezo wa kucheka: walisema ndege ile inafanya miujiza, kwani watu wengi waliingia wakisukumwa ndani ya viti vya magurudumu, lakini kisha kutua waliamka wazima na kukimbia kwa miguu yao! Kucheka ni kucheka. Lakini yule mgonjwa wa kweli, mwenye magoti yasiyokunjika, sijui alisikia namna gani wakati watu walimtazama kama mwongo.

Nilipanda ndege ile na mama yangu mdogo, dada wa marehemu mama, aliyefika Texas uzeeni kuishi na watoto wake. Kiingereza hana. Telefone yake ni ya kuita na kuitikia tu. Tulikwenda Houston kwa matanga, safari ya saa moja hivi. Tiketi nilinunua mimi. Ili upate herufi nzuri ilipaswa ujiandikishe kwa telefone saa 24 mbele ya safari, na watu walikuwa wakiangalia saa yao kama watu wanaongoja mshahara. Mimi nilisahau. Ni kosa langu, si la mwingine. Tukapewa C.

"Mwana, kiti yetu ni namba ngapi?" akaniuliza.

"Ma mudogo, hakuna namba. Mutu anaikala fasi anaona."

"Sawa mu taksi-basi?"

"Njo vile."

"Basi ni muzuri. Mi nitaikala ku dirisha."

Fanya hesabu na mimi. Ndege yao kubwa wakati ule, Boeing 737-800, ilikuwa na viti 175, vitatu kushoto na vitatu kulia. Ikijaa, A na B ni watu 120. C wanabaki 55. Na viti vya katikati katika ndege ya namna hiyo ni karibu 60. Umeona? Wa kwanza wanachukua dirisha na pembeni ya njia, na kundi C karibu lote ni la kubanwa katikati, kila mtu peke yake kati ya wageni wawili. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, inajifanya yenyewe. Na wengine waliokwisha kuketi waliweka sakoshi kwenye kiti cha katikati, au walijifanya wanakohoa, ili usiwakaribie.

Mama mdogo aliingia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Dirisha hapana. Kwa safu ya 14 hivi akasimama mbele ya bwana mmoja mnene mwenye kofia, akaonyesha kiti kwa mkono, akasema kwa sauti ya kawaida, kama yuko Kolwezi: "Yaya, hapa kuko mutu?" Yule bwana hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa. Aliinuka, akatoa kofia, akampisha. Mimi nilipata kiti nyuma kabisa. Tulipotua nikakuta amekwisha kumwonyesha yule bwana picha zote za wajukuu.

Vijana, ninyi mnaopenda sayansi, hii ni yenu. Mtaalamu mmoja wa mambo ya nyota, Jason Steffen, alikasirika kwa kungoja kwenye mlango wa ndege akaanza kupiga hesabu. Aliitangaza mwaka wa 2008, na mwaka wa 2011 wakaijaribu na watu 72 ndani ya ndege ya mfano. Utafikiri njia ya haraka ni kuingiza wa nyuma kwanza, kisha wa katikati, kisha wa mbele. Makampuni mengi yalifikiri vile. Kumbe ni kati ya njia za polepole, kwani watu wote wa fasi moja wanasimama pamoja kwenye njia nyembamba, na mmoja akinyanyua valizi yake wote wanangoja. Watu wakichanganyika bila mpango wa safu, wanaenea ndani ya ndege, kila mmoja ananyanyua valizi yake fasi yake, na kazi inakwenda mbio. Mwaka wa 2014 kipindi kimoja cha televisheni, MythBusters, kilijaribu tena kwa namna yake. Kuanza na wa nyuma: dakika 24. Bila namba ya kiti hata kidogo: dakika 14. Ilishinda zote! Lakini walipowauliza wasafiri namna walivyosikia, njia ile ya mbio ilipata alama za chini kabisa. Watu walifika upesi na moyo umechafuka.

Ndiyo sababu kiti cha kukimbilia kimekufa kidogo kidogo. Huko Ulaya kampuni easyJet, iliyoanza mwaka wa 1995 kwa kusafirisha watu toka Luton mpaka Scotland, iliacha watu wachague viti wenyewe mpaka Novemba 2012, kisha ikaweka namba. Ryanair ikafuata Februari 2014. Southwest ilibaki karibu peke yake kati ya makampuni makubwa. Kisha Julai 2024 nayo ikatangaza: asilimia 80 ya wasafiri wake wanapenda namba ya kiti. Tangu tarehe 27 Januari 2026 kila msafiri anapewa kiti chake, na wanaingia kwa makundi 1 mpaka 8.

Ukiishia hapo utasema: vizuri, wazee wamepumzika. Na mimi pia nilisema vile. Mtu wa miaka 70 asiyekuwa na telefone ya kisasa, kwa nini apoteze kiti kizuri kwa sababu hakugusa kioo saa fulani ya usiku? Namba inamlinda. Tena, tusidanganyane, ule mulongo wenyewe haukuwa mtakatifu. Nafasi A 1 mpaka 15 ziliwekewa wenye tiketi ya bei kali. Tangu mwaka wa 2009 uliweza kulipa dola 10, baadaye zaidi, kampuni ikuandikishe mbele ya wengine. Kwa hiyo bidoni la tajiri lilikuwa tayari limesogezwa mbele, polepole, bila kelele.

Lakini angalia upande wa pili. Kiti kikisha kuwa na namba, kinaweza kuwa na bei. Cha mbele bei yake, cha kunyoosha miguu bei yake, cha dirisha bei yake. Novemba 2024 kamati moja ya Senati ya Marekani ilitoa hesabu: makampuni matano, American, Delta, United, Frontier na Spirit, yaliingiza dola zaidi ya bilioni 12 kwa malipo ya kuchagua viti tu, tangu 2018 mpaka 2023. Si kwa kuruka. Kwa kuchagua fasi ya kuketi! Wakati Southwest inatangaza mabadiliko yake, kikundi cha wenye mitaji, Elliott, kilikuwa kimenunua sehemu ya kampuni na kudai faida iongezeke. Na tarehe 28 Mei 2025 mizigo iliyokuwa bure kwa wote pale Southwest, nayo ikaanza kulipiwa na wengi. Sasa mwenye tiketi ya chini kabisa hachagui. Kampuni inamchagulia kiti wakati wa kujiandikisha. Tena kwa makampuni mengi mzazi aliogopa kutengwa na mtoto wake asipolipa, mpaka wizara ya usafiri ya Marekani ikapendekeza Agosti 2024 kwamba mtoto wa miaka 13 na chini aketi karibu na mzazi bila malipo. Fikiri: mpaka serikali iandike karatasi ili mama aketi karibu na mtoto wake!

Kwa maoni yangu, namba ni kitu chema ikitolewa kama namba ya hospitali, kwa mpango. Ikiuzwa kama nyanya sokoni, fungu kwa fungu, maskini anabaki katikati vile vile kama zamani, ila zamani aliweza kuamka mapema.

Nimalizie na safari ya pili. Ilikuwa na kampuni nyingine, sitaitaja, na ndege ilikwenda mbali, saa tatu na zaidi. Mama mdogo alifurahi sana kuona namba kwenye karatasi yake. "Leo niko na kiti," akasema. Nikaangalia: mimi safu ya 9, yeye safu ya 26, katikati. Tulinunua pamoja, siku moja, kwa feza moja. Kwenye meza wakanieleza kwa upole kwamba tunaweza kuketi pamoja, tukilipa kila mmoja. Nikamtafsiria.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Hata kuikala pembeni ya mutu yako, banauzisha?"

Hatukulipa. Nilimwambia atafute safu ya 26, nikamwandikia namba kwenye mkono kwa biki. Lakini alipofika safu ya 9 aliniona, akaona kiti karibu na mimi, pembeni ya njia, kiko wazi. Akaketi, akafunga mkanda, akaweka sakoshi chini. Kazi imekwisha. Nikaanza kusema, "Ma mudogo, hapa..." na mwenye kiti akafika. Kijana wa miaka 20 hivi, mwanafunzi labda, mwenye miguu mirefu sana. Aliangalia karatasi yake. Aliangalia namba juu ya kiti. Aliangalia ule mkono wa mzee wenye 26 iliyoandikwa kwa biki. Mama mdogo akamtazama usoni na kumsalimia: "Jambo, mwana."

Kijana akaniuliza: "Ishirini na sita?" Nikasema ndiyo, katikati. Akavuta pumzi, akabeba mfuko wake, akaenda nyuma.

"Ule alikuwa anatafuta nini?" mama mdogo akauliza.

"Kiti," nikajibu.

"Atapata," akasema, akafunga macho. Mpaka leo sijamweleza.